Sindano ya benzathini kwa watoto wa moyo: ninavyoiandaa na kuichoma

Wadogo zangu mnaoanza kazi, mimi ni muuguzi wa kituo cha afya wilayani Muheza, na haya nawaandikia kwa ajili ya watoto wa kliniki ya moyo. Ni watoto waliougua koo lisilotibiwa, wakapata homa ya baridi yabisi, na valvu zao za moyo, yaani vilango vinavyopitisha damu, zikaharibika. Kinachowakinga wasiugue tena ni benzathini, penisilini ya sindano inayokaa muda mrefu mwilini, kila baada ya wiki 3 au 4. Aliyebaki na valvu mbovu huchomwa angalau miaka 10 au mpaka afikishe umri wa miaka 40, kwa kufuata muda ulio mrefu zaidi. Mtoto unayemchoma leo akiteseka, kesho atajificha mama yake akimwita kliniki. Ndiyo maana kwangu kumpunguzia maumivu ni sehemu ya tiba yenyewe.

Anza kwenye kabati, kwa sababu penisilini za sindano zinakaa pamoja na zinafanana. X-pen (benzilpenisilini) ukiichanganya inakuwa angavu, nayo huweza kwenda kwenye mshipa wa damu. PPF (penisilini ya prokeini) ni ya msuli, hutolewa kila siku. Benzathini ni nyeupe kama maziwa na ni ya msuli tu, ndani kabisa. Ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kusimamisha moyo na kuua. Mimi nasoma jina kabla ya kukitoa kichupa kwenye boksi, na nalisoma tena nikiwa na bomba mkononi, hata kama foleni imefika getini.

Kisha muulize mzazi, na usiulize tu kama mtoto ana aleji, maana wengi watasema hapana. Taja dawa: amoksilini, ampiklox, PPF. Baada ya kuzitumia, alitoka vipele vya kuwasha, alivimba midomo, alibanwa kifua? Likiwepo lolote kati ya hayo, usichome, mpeleke kwa daktari. Kuharisha kidogo baada ya amoksilini si aleji, na si vyema mtoto akose kinga yake ya miaka yote kwa sababu hiyo.

Muulize pia hali yake ya leo. Anapumua kwa shida akilala? Miguu imevimba? Anachoka akitembea hatua chache? Mwaka 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa tahadhari kwamba baadhi ya wagonjwa wenye valvu zilizoharibika vibaya, hasa wenye dalili za moyo kushindwa, wanaweza kuanguka na kufariki muda mfupi baada ya sindano hii, na inaelekea moyo ndio unaozidiwa, si aleji. Watoto wa namna hiyo waamuliwe na daktari. Mara nyingi vidonge vya penisilini ni salama zaidi kwao. Kwa wengine wote, hakikisha mtoto amekula na kunywa maji, na umchome akiwa amelala. Mtoto mwenye njaa aliyesimama ndiye anayezimia.

Dozi: kuanzia kilo 27 ni uniti milioni 1.2, chini ya hapo ni uniti 600,000. Miongozo mingine huweka mpaka kwenye kilo 30, basi fuateni ule wa kituo chenu. Mpime uzito kila anapokuja, maana watoto wanakua. Kiasi cha maji ya sindano kimeandikwa kwenye karatasi ya dawa. Tikisa mpaka kusiwe na chembe, vuta, uchome papo hapo, kwani dawa hii hutuama na kuziba sindano. Tumia sindano ya kijani, namba 21. Daktari akiruhusu, lignokaini, dawa ya ganzi, ya asilimia 1 badala ya sehemu ya maji hupunguza maumivu sana, ila muulize mzazi kama mtoto aliwahi kudhurika na dawa ya ganzi.

Mahali ninapopapenda ni ubavuni mwa nyonga, kwa sababu hapapiti neva kubwa. Kwa nyonga ya kulia tumia mkono wa kushoto: kiganja kwenye kifundo cha mfupa wa paja, kidole cha shahada kwenye ncha ya mfupa wa nyonga upande wa mbele, kidole cha kati ukitanue kurudi nyuma. Choma katikati ya vidole hivyo viwili. Ukichoma takoni, iwe robo ya juu upande wa nje, wala usishuke.

Spiriti ikauke kwanza. Bonyeza mahali hapo kwa kidole gumba kwa sekunde 10, kisha ingiza sindano wima. Vuta pistoni kidogo. Ukiona damu, chomoa, tupa vyote, andaa upya. Usipoiona, sukuma polepole kwa dakika 2 au 3, huku ukiongea na mtoto habari za shule au mpira. Mwendo huu wa taratibu ndio unaopunguza maumivu kuliko yote, na ndio tunaouruka tukiwa na haraka. Usipasugue baadaye.

Abaki kituoni dakika 30, ukimwona. Adrenalini, dawa ya aleji kali, iwe pembeni kabla hujachoma. Aliyezimia tu hupauka, mapigo hupungua, akilazwa anarudi. Akitoka vipele, akivimba uso, akikoroma kifuani, mapigo yakienda mbio na kudhoofika, hiyo ni aleji kali: mchome adrenalini ya miligramu 1 kwa mililita kwenye msuli wa paja upande wa nje, mililita 0.15 kwa aliye chini ya miaka 6, 0.3 kwa wa miaka 6 hadi 12, 0.5 kwa aliyezidi hapo. Rudia baada ya dakika 5 kama hali haijabadilika. Haidrokotisoni haichukui nafasi ya adrenalini. Mlaze, inua miguu, na usimsimamishe hata akisema amepona. Anayeshindwa kupumua akilala mwache akae.

Kabla hawajaondoka, andika tarehe ijayo kwenye kadi na kwenye daftari lako, na chukua namba ya simu ya mzazi. Wiki 4 zisipitilize. Benzathini ikiisha stoo, usimrudishe mtoto mikono mitupu: mwombe daktari amwandikie penisilini V ya vidonge, miligramu 250 asubuhi na jioni kila siku, mpaka sindano zitakapofika.