Namna ya kusoma majibu ya jeni ya mtoto mwenye usonji

Majibu ya mwanangu yalikuja katika kurasa nne, na nilichoelewa ni jina lake na tarehe. Nakuandikia wewe mzazi uliyezishika kurasa kama hizo leo.

Anza na jina la jeni. Kwetu ni CHD8. Usiiite "jeni ya usonji". Uliza inafanya kazi gani. Ndani ya seli, DNA imezungushwa kwenye protini kama uzi uliokazwa, na jeni haisomeki mpaka uzi ulegezwe pale ilipo. Protini ya CHD8 ni miongoni mwa zinazopanga upya uzi huo, kwa hiyo ikipungua, jeni nyingine nyingi husomwa kupita kiasi au chini ya kiasi. Na wakati una maana: kazi kubwa ya protini hii iko mtoto angali tumboni, seli za ubongo zinapozaliwa na kutafuta mahali pa kukaa. Utafiti wa mwaka 2020 uliochambua DNA ya watu zaidi ya 35,000 ulitaja jeni 102 zinazohusiana na usonji. Zaidi ya nusu ni za aina hii, zinazoongoza nyingine.

Kisha tazama nakala za jeni hiyo. Kila mmoja wetu ana mbili. Ya mwanangu moja imeharibika. Protini ipo, ila haitoshi.

Tafuta pia mstari unaosema mabadiliko yaliyoonekana katika jeni yana uzito gani. Ukikuta "maana yake haijajulikana", hilo bado si jibu. Omba yapitiwe tena baada ya miaka michache.

Sasa uliza kama nanyi wazazi mlipimwa. Sisi hatukuwa na mabadiliko hayo. Yalianzia kwa mtoto mwenyewe. Nilikuwa nimehesabu kila kidonge nilichomeza nikiwa mjamzito, kila usiku niliolia. Siku hiyo niliacha kuhesabu. Kuhusu mimba nyingine, muulize mshauri wa vinasaba: uwezekano ni mdogo lakini upo, kwa kuwa badiliko huweza kujificha katika baadhi ya mbegu au mayai ya mzazi.

Karatasi haitakuambia kama mtoto ataongea. Itakuambia cha kuchunguza. Wengi ambao CHD8 yao imeharibika wana kichwa kikubwa, usingizi mgumu na choo kigumu. Miaka mitatu tulidhani mwanangu anakataa chakula kwa ukaidi, kumbe tumbo lilimuuma. Alipotibiwa, alivuta kiti mwenyewe akaja mezani.