Sensa za kupaki zinazingua? Anza na kitambaa na sikio

Sensa za kupaki ni vile vidude vya duara kwenye bampa vinavyokupigia mlio ukikaribia kitu. Kabla hujaagiza mpya nne kwa mpigo tulia kwanza, manake mara nyingi ni uchafu tu au sensa moja imekufa ikazima na wenzake. Ndio, moja tu. Magari mengi yako hivyo, kompyuta ikiona sensa moja haijibu inafunga mfumo wote.

Sasa sikiliza gari linasemaje. Ukiingiza rivasi likatoa mlio mmoja mrefu wa kama sekunde tatu afu kimya, kwa magari mengi hapo linakwambia kuna hitilafu. Likipiga pii pii pii na nyuma hakuna kitu, basi kuna kitu sensa inakiona we hukioni, tope, matone ya maji, kibao cha namba kimepinda, nyasi, au ndoano ya kuvutia trela. Kama kimya kabisa angalia kile kitufe chake usije ukawa umekizima mwenyewe (wengi tumeaibika hapa), fyuzi, na taa za rivasi. Taa nazo haziwaki? Hapo pengine gari halijui kama uko rivasi, sensa hazina kosa, anzia swichi ya rivasi kwenye giaboksi.

Kusafisha ni maji, sabuni kidogo na kitambaa laini, basi. Usikwangue, na mashine ya presha usiisogeze karibu. Kama bampa limepigwa rangi upya angalia na hapo, rangi nene juu ya sensa inaizuia kutetemeka vizuri.

Bado? Sasa hii ndo naipenda kuliko zote. Paki sehemu tambarare, vuta hendibreki, weka kizuizi kwenye tairi, swichi on bila kuwasha injini, ingiza rivasi, afu nenda nyuma usogeze sikio kwenye kila sensa. Nzima inasikika tik tik tik kwa mbali. Mawimbi ya sauti ambayo sensa inatumia kupima umbali huyasikii, yako kama kilohezi 40 na kuendelea wakati sikio la mtu linaishia kwenye 20 hivi, ila kidude chenyewe kikitetemeka kinatoa hako kamlio. Kukiwa na kelele gusa kwa ncha ya kidole, utaihisi. Iliyonyamaza ndo mshukiwa. Zikinyamaza zote usizilaumu, huenda mfumo umejifunga au umeme haufiki.

Hata ukimpata mshukiwa usinunue bado. Zima swichi, mbadilishe nafasi na sensa jirani yake, ila hakikisha namba zilizoandikwa kwenye sensa zinafanana manake za pembeni na za katikati wakati mwingine ni tofauti. Ubovu ukihama naye, amekufa huyo, nunua moja. Ukibaki palepale ni waya au plagi, na plagi za kwenye bampa zinakula maji na tope kila siku, utakuta pini zina kutu ya kijani au waya umekatika pale gari lilipogongwa kidogo mkapuuzia.

Ukienda kwenye mashine ya kupimia, ile ndogo inayosoma injini peke yake haitaona kitu, tafuta inayosoma mifumo yote, itakutajia mpaka sensa ipi. Ukishabadilisha futa kosa lililohifadhiwa, afu jaribu na boksi kubwa gumu nyuma ya gari, usitumie nguo wala fimbo nyembamba, hizo hata sensa mpya inaweza isizione.