Kukinga vidonda vya mdomo wakati wa kemo na mionzi ya saratani: chumvi, barafu, asali, na kosa langu la magadi

Mama mmoja wa Kibosho alirudi kwetu midomo imembabuka, akanitazama kwa uchungu. "Nesi, si wewe ulisema magadi?"

Ni kweli, nilisema. Siku ya kumruhusu nilikuwa na haraka, mabenchi yamejaa, nikamwambia asukutue kwa maji ya chumvi na "magadi kidogo". Mimi kichwani nilikuwa na bekingi soda, ule unga mweupe wa kopo, wa kuokea keki. Yeye akaenda jikoni kwake akachukua bonge la kijivu analolainishia maharage, akaliponda, akasukutua nalo mara nne kwa siku. Tangu hapo simtajii mgonjwa neno magadi. Namwonyesha kopo.

Mwongozo huu nauandika nikiwa Moshi, kwa anayeanza matibabu ya saratani na kwa anayemuuguza. Sitakudanganya kwamba kuna kitu cha jikoni kinachozuia vidonda kwa kila mtu. Vipo vinavyosaidia, ila kila kimoja kina mahali pake.

Hatua ya 1: Hesabu siku

Ngozi ya ndani ya mdomo hujijenga upya kila wiki moja hadi mbili. Kemo, yaani dawa za saratani, hushambulia seli zinazozaliana haraka, na haibagui kama ni za uvimbe au za shavu. Ndiyo maana siku ya dripu unarudi nyumbani na kula vizuri tu, halafu mdomo unaanza kuwaka kati ya siku ya 5 na ya 10. Anayepigwa mionzi ya kichwa au shingo, kwake huanza wiki ya pili au ya tatu, na huendelea wiki kadhaa hata baada ya mionzi kwisha.

Chukua kalenda ya ukutani, tia alama siku ya dripu, kisha siku ya 5. Yote yafuatayo yaanze kabla ya alama hiyo ya pili. Wengi huja kuniuliza dawa wakati mate yenyewe hayamezeki.

Hatua ya 2: Andaa kinywa

Meno mabovu yaonwe kabla ya matibabu. Kwa mionzi ya kichwa na shingo hili si la hiari: jino la kung'oa ling'olewe kama wiki mbili kabla, kwa sababu taya lililopigwa mionzi haliponi vizuri.

Nunua mswaki laini kabisa, uloweke kwenye maji ya moto kidogo kabla ya kupiga. Mswaki wa mti uweke pembeni kwa sasa, nyuzi zake zinachana fizi. Meno ya bandia yatoke usiku.

Ndugu zangu wa Arusha, ambao maji ya sehemu nyingi kwenu yana floraidi nyingi, huniuliza kama waache dawa ya meno yenye floraidi. Kwa mtu mzima, hapana. Meno huingia ile rangi ya kahawia utotoni, yakiwa bado yanatengenezwa. Sasa hivi hatari yako ni mionzi kukausha mate, na jino lisilo na mate huoza upesi.

Hatua ya 3: Maji ya kusukutua

Chemsha maji lita 1, yaache yawe vuguvugu. Tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kijiko kimoja cha chai cha bekingi soda, vyote vya kufuta, si vya kurundika. Koroga hadi viyeyuke. Sukutua nusu dakika, tema, rudia. Fanya hivyo kila baada ya kula na kabla ya kulala, usipungue mara nne kwa siku. Usimeze, hasa kama una presha. Yaliyobaki jioni yamwage, kesho utengeneze mengine.

Kazi yake ni kuosha mabaki ya chakula, kupunguza ukali wa asidi na kulainisha mate mazito. Vidonda vyenyewe havikimbii kwa sababu ya chumvi, lakini mdomo safi hauingiwi na vijidudu kirahisi.

Sasa kuhusu lile kopo. Hamira siyo. Bekingi pauda siyo, ile imechanganywa na asidi na wanga. Na magadi ya sokoni, yale ya kuchimbwa kwenye maziwa ya chumvi kama Natron, yana kaboneti ya sodiamu ambayo ni kali mno kwa ngozi laini, inababua. Mwambie muuza duka "bekingi soda", halafu usome mwenyewe. Yule mama mzunguko wa kemo uliofuata alikuja na kopo ndani ya kikapu, akaliweka mezani mbele ya watu wote: "Haya nesi, soma wewe, kumeandikwa nini?" Nikasoma kwa sauti.

Hatua ya 4: Barafu, kama dawa yako inaruhusu

Hii naipenda kuliko zote, maana ni rahisi na imethibitishwa vizuri. Baridi hubana mishipa ya damu ya mdomo, dawa ikafika pale kidogo wakati iko nyingi mwilini. Inafaa kwa dawa ya kemo iitwayo fluorouracil, inayoandikwa 5-FU kwenye kadi yako ya matibabu, ikiwa inasukumwa kwa sindano kwa muda mfupi. Ikiwa inaingia polepole saa nyingi, huwezi kukaa na barafu mdomoni muda wote huo, kwa hiyo haisaidii. Na ukiona oxaliplatin kwenye kadi hiyohiyo, barafu usiiguse: dawa hiyo hufanya baridi ichome vidole na kukaba koo. Muulize nesi kabla, "Dawa yangu ni ya kusukuma au ya dripu ndefu?"

Gandisha maji yaliyochemshwa, yafunge kwenye kitambaa safi, yaponde kwa mchi yawe chenga, ubebe kwenye chupa ya chai. Anza kumung'unya dakika 5 kabla ya sindano, endelea hadi zitimie dakika 30. Chenga zenye ncha ziache ziyeyuke kidogo kwanza. Zile barafu za rangi za mtaani hapana, hujui maji yake.

Hatua ya 5: Asali, hasa kwa wa mionzi

Kwa mionzi ya kichwa na shingo, asali imefanyiwa utafiti na kuonekana kupunguza ukali wa vidonda. Namna iliyotumika ni hii: mililita 20, yaani vijiko vinne vya chai, dakika 15 kabla ya mionzi, dakika 15 baada yake, na tena saa sita baadaye. Izungushe mdomoni taratibu kisha umeze polepole. Baadaye suuza kwa maji, maana asali ni sukari na meno yanaoza.

Asali ya nyuki wadogo ni ghali na huchakachuliwa. Nunua kwa mfugaji unayemjua, ya nyuki wa kawaida inatosha. Mwenye kisukari asianze bila daktari. Aliye kwenye kemo na seli nyeupe za damu zimeshuka naye aulize kwanza, asali mbichi inaweza kubeba vijidudu.

Hatua ya 6: Sufuria

Mtori ni kama ulitungwa kwa wiki hizi. Chemsha nyama hadi ilainike, weka ndizi, ponda kwa mwiko hadi usione kipande, ongeza maziwa yaliyochemshwa. Pilipili acha, ndimu acha. Halafu subiri: ukitia kidole safi usisikie moto, ndipo ule. Wazee wetu wanapenda supu ya moto, na hapo ndipo ninapogombana nao. Parachichi lililoiva lipondwe, uji uwe mwepesi. Nanasi, ukwaju, bisi, mbege na sigara, pumzika navyo.

Mafuta ya karafuu, ndimu na majivu sitaki kuyasikia mdomoni mwa mgonjwa wangu. Dawa za kusukutua zenye spiriti nazo zinachoma. Usijipake GV kabla hatujakuona, ile zambarau inafunika kila kitu na sisi tunashindwa kuona kilichopo.

Lini uache ya nyumbani

Utando mweupe ulimini, damu isiyokata, maji hayapiti: njoo. Joto la mwili likifika 38 ukiwa kwenye kemo, njoo saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, na usimeze panado kwanza ili homa ishuke. Ukifika mapokezi usikae kimya kwenye foleni. Sema, "Niko kwenye kemo, nina homa," na uonyeshe kadi.