Jinsi ya kuandaa jedwali la matokeo ya ubunge Mindanao: anza na mipaka, kura zifuate

Kazi yangu ni kupanga matokeo ya chaguzi ili waandishi wa habari, wanafunzi na wasomaji wengine wayapate mahali pamoja, yakiwa safi. Kati ya maeneo yote ninayoyashughulikia, linalodai subira kubwa ni lile la kusini mwa Ufilipino: eneo la Waislamu wa Mindanao lenye mamlaka ya ndani. Liliundwa kwa sheria ya 1989 na kujulikana kama ARMM, na mwaka 2019 likapisha Bangsamoro, yaani BARMM. Wanaolishughulikia kwa mara ya kwanza hukimbilia kujumlisha kura. Nakuomba usifanye hivyo. Makosa mabaya zaidi ya majedwali haya hutokea kabla ya namba ya kwanza kuandikwa.

Hatua ya 1: Amua unaandika kuhusu bunge lipi

Eneo hili huchagua watu wa vyombo viwili. Kuna wabunge wa majimbo wanaokwenda Baraza la Wawakilishi la taifa zima, na kuna wale wa chombo cha ndani: zamani Baraza la Kutunga Sheria la ARMM, sasa Bunge la Bangsamoro lenye viti 80. Msomaji anayeijua Zanzibar atalielewa hili haraka, kwani mpiga kura wa jimbo moja kule humchagua mwakilishi wa Chukwani na mbunge wa Dodoma. Mwongozo huu unahusu wale wa taifa tu. Ukikuta matokeo ya Agosti 2008, hayo ni ya gavana na baraza la ndani, yaweke kando. Wabunge wa taifa huchaguliwa kila baada ya miaka 3, Jumatatu ya pili ya Mei.

Hatua ya 2: Chora mpaka wa mwaka husika

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Mpaka wa jimbo la ubunge si lazima ufuate mpaka wa eneo lenye mamlaka ya ndani, na mipaka yote miwili imewahi kubadilika.

Chukua Basilan, mkoa wa kisiwani. Katika kura ya maoni ya 14 Agosti 2001, mkoa huu ulikubali kuingia ARMM, lakini Jiji la Isabela lililo ndani ya kisiwa hichohicho lilikataa. Kiutawala, Isabela imehesabiwa upande wa Rasi ya Zamboanga. Kwa ubunge, wakazi wake hupiga kura pamoja na Basilan yote, jimbo moja, mbunge mmoja. Kwa hiyo ukiondoa kura za Isabela kwa sababu "si ARMM", umembadilishia mbunge hesabu yake. Ziache, kisha uandike maelezo pembeni.

Angalia pia hiyo tarehe. Uchaguzi mkuu ulifanyika 14 Mei 2001, miezi mitatu kabla ya kura ya maoni. Jedwali sahihi la ARMM la mwaka huo lina viti 7: viwili vya Lanao del Sur, viwili vya Maguindanao, viwili vya Sulu na kimoja cha Tawi-Tawi. Basilan inaingia kuanzia 2004, na viti vinakuwa 8.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi. Mwaka 2006 baraza la ARMM liliumega mkoa wa Maguindanao na kuunda mkoa mpya, Shariff Kabunsuan, kwa manispaa za Jimbo la 1. Jiji la Cotabato lilikuwa nje ya ARMM ingawa ofisi za serikali ya ARMM zilikuwa humo, na kwa ubunge lilikuwa sehemu ya Jimbo hilo la 1. Je, Cotabato sasa ibaki jimbo peke yake? Siku chache kabla ya uchaguzi wa Mei 2007, Tume ya Uchaguzi, COMELEC, iliamua kwamba jimbo liitwe Shariff Kabunsuan pamoja na Jiji la Cotabato. Didagen Dilangalen akatangazwa mshindi. Mpinzani wake, Sandra Sema, alikwenda Mahakama ya Juu akitaka Cotabato ihesabiwe kama jimbo linalojitegemea. Tarehe 16 Julai 2008 mahakama ilikataa, tena ikaenda mbali zaidi: ikafuta mkoa wenyewe. Hoja yake ilikuwa kwamba kila mkoa una haki ya angalau kiti kimoja bungeni, na wa kuongeza viti ni Bunge la taifa peke yake. Baraza la ndani haliwezi kufanya hivyo kwa kuunda mkoa. Ndiyo maana jina la jimbo hilo linaonekana mwaka 2007 na kutoweka 2010, Sema alipokuja kushinda kiti cha Maguindanao Jimbo la 1.

Kuanzia 2019 mabadiliko yaliendelea. Cotabato iliingia Bangsamoro, Isabela ikakataa tena. Septemba 2022 Maguindanao iligawanywa kuwa del Norte na del Sur, safari hii kwa sheria ya Bunge la taifa. Septemba 2024 Mahakama ya Juu iliitoa Sulu katika Bangsamoro kwa kuwa wakazi wake walio wengi walipiga kura ya hapana mwaka 2019. Jedwali la Mei 2025 halifai kubeba viti vya Sulu chini ya BARMM. Yaandike matokeo yake, lakini peke yake.

Hatua ya 3: Tenganisha majina yanayofanana

Sultan Kudarat ni manispaa ya Maguindanao (sasa del Norte), na pia ni mkoa mzima ulio nje ya eneo hili. Jiji la Cotabato halimo katika mkoa wa Cotabato, na kuna Cotabato Kusini pia. Datu Piang na Datu Odin Sinsuat ni manispaa, usizidhani ni wagombea. Kwa watu, Datu, Bai na Hadji ni vyeo vya heshima; usivitumie kupanga majina kwa alfabeti. Panga kwa jina la ukoo, lakini usimwunganishe mtu na mwingine kwa sababu wana ukoo mmoja. Mbunge haruhusiwi kushika kiti zaidi ya vipindi 3 mfululizo, na mara nyingi anayefuata ni mke, kaka au mtoto.

Hatua ya 4: Fungua jedwali

Kila mstari uwe mgombea mmoja katika jimbo moja kwa mwaka mmoja. Weka safu za mwaka, jimbo kama lilivyoitwa mwaka huo, jina la jimbo kabla au baada ya mabadiliko, mgombea, chama, kura, hali (alitangazwa, alishindwa, alijitoa), na maelezo. Mstari wa Dilangalen kwangu unasomeka hivi: 2007, Shariff Kabunsuan pamoja na Jiji la Cotabato, zamani Maguindanao 1, alitangazwa, mkoa ulifutwa na Mahakama ya Juu 16 Julai 2008. Anayesoma miaka 20 baadaye hatahitaji kukuuliza.

Hatua ya 5: Ingiza kura na ukokotoe asilimia

Mshindi ni mwenye kura nyingi kuliko wengine, hata kama hakufika nusu, na hakuna duru ya pili. Gawanya kwa jumla ya kura halali za ubunge, usigawanye kwa idadi ya waliojitokeza. Sisi Tanzania na Kenya kila nafasi ina karatasi yake. Wafilipino huweka nafasi zote kwenye karatasi moja ndefu, na mtu anaweza kuchagua rais na meya, sehemu ya mbunge akaiacha tupu. Akiwawekea alama wagombea wawili wa ubunge, inaharibika sehemu hiyo tu, karatasi inabaki halali. Karatasi hiyo ina pia kura ya orodha ya vyama, ambayo hujaza moja ya tano ya viti vya Baraza kwa hesabu ya nchi nzima. Hiyo usiichanganye na ya jimbo.

Hatua ya 6: Kagua kama namba zinaaminika

Linganisha kura na waliojiandikisha, manispaa kwa manispaa. Jumla ya mkoa huficha mengi. Mwaka 2004, katika baadhi ya manispaa za Maguindanao, mgombea urais Fernando Poe Jr., nyota wa filamu aliyependwa nchi nzima, aliandikiwa kura sifuri. Mwaka 2007 matokeo ya useneta ya mkoa huohuo yaliupa upande wa serikali nafasi zote 12. Mgombea wa upinzani, Aquilino Pimentel III, alipinga, na Agosti 2011 akatangazwa seneta baada ya Juan Miguel Zubiri, aliyekuwa amepewa kiti hicho, kujiuzulu. Ukikuta sifuri au asilimia 100 ya waliojitokeza, iandike kama ilivyo kwenye fomu, kisha weka alama. Kurekebisha matokeo si kazi yetu.

Na heshimu gharama iliyo nyuma ya namba hizi. Tarehe 23 Novemba 2009 watu 58 waliuawa Maguindanao, wengi wao wakiwa njiani kupeleka fomu za kugombea ugavana za Esmael Mangudadatu; 32 kati yao walikuwa wanahabari, watu wa kazi kama hii yetu. Uchaguzi wa Mei 2010 uliofuata ndio wa kwanza wa nchi nzima kuhesabiwa kwa mashine. Katika jedwali, safu ya chanzo itofautishe fomu za mkono za kabla ya hapo na za mashine.

Hatua ya 7: Usifunge jedwali mapema

Sheria inaruhusu COMELEC kutangaza kwamba uchaguzi umeshindikana mahali fulani, kwa vurugu au udanganyifu, na kuitisha upigaji kura mwingine pale ambapo kura hizo zingeweza kubadili matokeo. Usiku wa uchaguzi andika "ya awali". Baada ya bodi ya majumuisho kumtangaza mshindi, andika tarehe. Malalamiko baada ya hapo huamuliwa na mahakama maalumu ya Baraza yenye wajumbe 9, majaji 3 wa Mahakama ya Juu na wabunge 6, na kesi inaweza kuchukua sehemu kubwa ya muhula. Uamuzi ukimtoa mbunge, usifute mstari wake. Ongeza mstari mpya wa aliyechukua kiti, tarehe aliyoapishwa, na uache kura za awali zikisomeka juu yake.