Jinsi ya kuchunguza nyonga bandia kwa MRI

Mgonjwa aliyewekewa nyonga bandia akianza kulalamika maumivu, uchunguzi huanza na eksirei, ambayo huonyesha upesi mkao wa kiungo na mfupa uliovunjika. Lakini eksirei haionyeshi kano wala misuli, na si haki kumwambia mtu anayechechemea kwamba hana tatizo kwa sababu tu eksirei yake ni safi. Hapo ndipo inapohitajika MRI, yaani mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku.

Kazi kubwa hufanyika kabla ya picha kupigwa. Tafuta kumbukumbu za upasuaji ujue kiungo kimetengenezwa kwa madini gani, kwani titani huharibu picha kidogo kuliko mchanganyiko wa kobalti na kromu. Kwa kuwa doa linalosababishwa na chuma hukua kadiri nguvu ya sumaku inavyoongezeka, mashine ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) inafaa kuliko ya tesla 3. Tumia spini-eko ya haraka, mbinu ya kupiga picha isiyovurugwa sana na chuma, epuka gradienti-eko, ambayo huvurugwa zaidi, panua masafa ya upokeaji wa mawimbi na upunguze unene wa vipande vya picha. Mng'ao wa mafuta uzimwe kwa mbinu iitwayo STIR, kwa maana njia inayotegemea tofauti ya masafa ya maji na mafuta hushindwa karibu na chuma. Mashine ikiwa na SEMAC au MAVRIC, mbinu maalumu za kupunguza doa la chuma, zitumie, hata kama mgonjwa atalala humo muda mrefu zaidi.

Katika kusoma picha, anza na kifuko cha kiungo. Utando ulionenepa kwa matabaka, pamoja na uvimbe wa tishu zilizo nje ya kifuko, huashiria maambukizi, ingawa uthibitisho hutoka kwenye majimaji yaliyofyonzwa kwa sindano na kupimwa maabara. Mkusanyiko wa majimaji wenye kuta nene, hasa pale chuma kinaposuguana na chuma, huashiria tishu kuathiriwa na chembe za madini. Mfupa ulioliwa huonekana pale uboho wenye mafuta unapopotea, na mstari unaong'aa ukizunguka kiungo bandia chote huashiria kwamba kimelegea.

Usisahau kano za misuli ya matako zinaposhikana na mfupa wa paja: kuchanika kwake husababisha maumivu ya ubavuni mwa nyonga, na mara nyingi hupitwa macho yanapokazwa kwenye chuma. Katika ripoti, andika ukubwa wa kila mkusanyiko, hali ya kano hizo na umbali wa mkusanyiko kutoka kwenye neva kuu ya mguu, kwa sababu daktari atakayerudia upasuaji atapanga njia yake kwa kuvitazama hivyo.