Kufungua tena bustani ya burudani wakati wa janga la ugonjwa kama korona

Kazi yangu ni kufunga watu mikanda kwenye treni za kasi za bustani ya burudani (roller coaster) hapa Orlando, Florida, kwa hiyo naongea kama mtu wa kazi, si daktari.

Usifungue kwa sababu tu fedha zimekauka. Ngoja maambukizi ya eneo lako yashuke, hospitali zipumue na serikali itoe kibali. Tena uwe tayari kufunga upya: Hong Kong Disneyland ilifunguliwa tena Juni 18, 2020, na Julai 15 ikafungwa tena.

Anza na wageni wachache. Disneyland ya Shanghai, iliyofunguliwa tena Mei 11, 2020, iliwekewa na serikali ukomo wa asilimia 30 ya wageni inaoweza kupokea, na wenyewe wakaanza chini ya hapo. Uza tiketi mapema, kila moja na tarehe yake. Ukiuza getini unaitengeneza ile ile foleni unayoikimbia.

Kwenye treni, acha safu tupu kati ya familia na familia. Kitakasa mikono kiwe kabla ya kupanda, maana kile chuma cha kifuani kila mtu hukishika kwa nguvu zote.

Chakula ndiko kwenye ujanja. Mtu hununua soda moja akazurura nayo saa nzima, barakoa kidevuni. Agiza kwamba anayekula au kunywa atulie mahali pamoja, mbali na wenzake.

Gwaride na fataki ahirisha, hukusanya watu. Japani waliwaomba wageni wasipige mayowe kwenye treni. Huku kwetu, ndugu yangu, hilo sahau.