Kiti cha Magurudumu Hakina Nauli: Kutumia Mita kwa Haki Kwenye Teksi za Mombasa

Mita, iwe ya simu au ya dashibodi, hujumlisha vitu vitatu: ada ya kuanzia, kilomita na dakika. Kilomita kutoka stesheni ya Miritini hadi Makadara hazibadiliki kwa abiria yeyote. Anapoumia mwenye ulemavu ni kwenye dakika.

1. Dereva, kama hutumii mita, taja nauli kwenye simu, na ukishaona kiti isipande. Magongo, fimbo nyeupe na kiti cha magurudumu si mzigo, ni miguu na macho ya mtu. Msindikizaji naye halipi ziada. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa abiria huyu haki ya kufikia usafiri wa umma.

2. Usibonyeze "nimefika" ukiwa bado barabara kuu, kwa sababu programu huanza kuhesabu muda wa kusubiri hapo hapo. Piga kwanza: "Mama, utatokea geti gani?" Abiria kiziwi mwandikie ujumbe.

3. Pakia safari ikiwa haijaanza. Rudisha siti ya mbele kushoto nyuma kabisa. Sogeza kiti ubavuni mwa siti, kimeelekea mbele kwa mshazari kidogo, breki zote mbili zimefungwa, vikanyagio vimeinuliwa. Muulize asaidiwe vipi. Wengi huhama wenyewe, na kumvuta mtu kwapani kunaweza kumtegua bega. Kisha toa mto, shika kitambaa cha kukalia katikati, mbele na nyuma, uvute juu: kiti kitajikunja. Usikinyanyue kwa viegemeo vya mikono; vingi huchomoka, na kiti cha chuma chenye kilo 18 hivi kitakushukia mguuni. Buti la Probox hukimeza bila taabu. Vitz itabidi ulaze siti za nyuma, na kama butini kuna mtungi wa gesi, sema mapema.

4. Bonyeza "anza" mkanda ukishafungwa, na "maliza" gari linaposimama, kabla ya kugusa buti. Hapa ndipo wengi hukosea: hushusha kiti, hukikunjua, humsukuma abiria hadi mapokezi, ndipo wakumbuke simu. Tuseme dakika ni shilingi 4. Dakika 8 za kupakia na 6 za kushusha ni shilingi 56. Anayesafishwa damu mara 2 kwa wiki, kwenda na kurudi, atalipa 224 kwa gari lisilosogea hata hatua moja. Muda wa dereva unapotea, ndiyo, lakini hata foleni ya petroli hupoteza muda na hakuna abiria anayelipishwa.

5. Foleni ya feri Likoni au ya daraja la Nyali hesabu kama kawaida, maana hiyo humkuta kila mtu.

6. Ukisahau kumaliza, soma saa za mwanzo na mwisho pamoja na abiria, umpunguzie dakika hizo kabla hajatuma M-Pesa. Ikiwa pesa zimekatwa kwenye kadi, huwezi kuzirudisha mwenyewe. Mwambie apige picha ya risiti na alalamike kupitia sehemu ya msaada ya programu, akitaja dakika ngapi gari lilikuwa limesimama.